Redio Ilisema "Mbali na"

Filomena alilima figiri na spinachi mlimani, juu ya mji wa Morogoro. Alfajiri alichuma mboga, akaziosha kijitoni, akajitwika tenga na kushuka sokoni. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Wateja walimwita Mama Mlimani. Kila siku tenga lilikuwa tupu kabla ya saa tano.

Jumanne moja hakuuza hata fungu moja.

Wateja walipita wakitazama pembeni. Mwishowe alisimama Rehema, mama ntilie aliyenunua kwake kila siku.

"Ningejua mapema nisingewalisha watu," alisema Rehema. "Mboga zenu zina sumu."

"Nani kasema? Mimi sipulizi dawa yoyote."

"Redio imesema jana jioni."

Filomena alipitia Msamvu kwa mdogo wake, Veronika. Alimpa mboga, kama ilivyokuwa desturi yake. Veronika alizipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Filomena alikwenda uani kunawa. Alipogeuka, aliziona zile mboga kwenye pipa la taka. Alichukua tenga lake akaondoka.

Siku tatu zilizofuata mboga zilioza. Siku ya nne alikwenda kwa Editha, bibi shamba wa kata. Kabla ya hapo, Editha ndiye aliyechukua mboga za wakulima wa mlimani na wa bondeni kwenda kuzipima kama zina dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulichukua mboga zetu ili ututangaze vibaya?"

Editha alitoa karatasi ya majibu. "Sikiliza, nakusomea. 'Tofauti na mboga za mlimani, mboga za bondeni zimekutwa na mabaki ya dawa.' Zenu ni safi, mama."

"Na redio ilisemaje?"

Habari ile ilikuwa kwenye simu ya Editha. Aliifungua, wakasikiliza. "Mbali na mboga za mlimani, mboga za bondeni zimekutwa na mabaki ya dawa."

"Mbona ni yale yale?" aliuliza Filomena.

"Siyo. Nikisema, 'Tofauti na Filomena, jirani yake ni mwizi,' mwizi nani?"

"Jirani."

"Na nikisema, 'Mbali na Filomena, jirani yake ni mwizi'?"

"Hapo tumeiba wote wawili."

"Ndiyo hivyo. 'Tofauti na' linatenga. 'Mbali na' linaongeza. Sasa twende redioni na hii karatasi. Tuwaambie siku na saa waliyosoma habari. Tuombe waisahihishe saa ile ile, ili waliosikia kwanza wasikie tena."

Redioni walimkuta Erick, mwandishi wa habari ile. Alikuwa kijana mpole. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Mimi nilikusudia hivyo hivyo, mama," alisema. "Nilijua 'mbali na' maana yake ni 'isipokuwa'."

"Ulichokusudia unakijua wewe," alisema Filomena. "Watu walisikia ulichosema. Mboga zangu zimeoza."

"Basi tutaangalia."

"Angalieni. Mimi nakaa hapa."

Alikaa kwenye benchi hadi jioni. Saa ya habari, Erick mwenyewe alisoma masahihisho na kuwaomba radhi wakulima wa mlimani. Kesho yake aliyasoma tena. Tangu hapo, habari yoyote ya kulinganisha haisomwi pale kabla aliyeiandika hajaulizwa na mwenzake: nani analinganishwa na nani, na kwa jambo gani?

Wateja walirudi, mmoja mmoja. Rehema alirudi wa kwanza.

"Tusameheane, Mama Mlimani. Ilikuwa redio."

Filomena alimfungia mboga zake.

Jumapili baada ya misa, Veronika alipanda mlimani. Alimkuta dada yake shambani.

"Dada, nimesikia redioni kuwa mboga zenu ni safi. Nimekuja kuomba figiri."

"Mimi nilikwambia lini kuwa ni chafu?"

Veronika alimsogezea kikapu chake.

"Tuta lile pale," alisema Filomena. "Kachume."

Siku zote alikuwa akimchumia mwenyewe, akichagua majani mazuri. Siku hiyo aliendelea kupalilia, wala hakuinua kichwa.