Damu ya Kuku wa Mama Judith

Kila asubuhi, hata siku za likizo, Atupele alifagia uwanja, akafungua banda na kuwamwagia kuku pumba, huku malori yakinguruma kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma. Likizo hii alifagia kwa furaha zaidi, kwa sababu shangazi yake, Dakta Fortunata, alikuwa amekuja kutoka Morogoro. Shangazi alishapata shahada ya uzamivu, lakini bado aliendelea kutafiti jinsi virusi vya ugonjwa wa kideri vinavyokwepa kinga ya mwili wa kuku.

"Dada, huchoki kusoma?" baba alimtania.

"Kideri kikichoka kuua kuku, na mimi nitachoka."

Atupele alijua kwamba yeye ndiye atakayekuwa msaidizi wa shangazi. Lakini kesho yake akafika Mercy, binti wa baba yake mdogo, kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Shangazi akawajaribu wote wawili kushika kuku. Jogoo alimponyoka Atupele, akarukia juu ya bati. Aliposhushwa, mikononi mwa Mercy alitulia tuli.

"Una mikono mitulivu, Mercy," shangazi alisema, akampa glavu. "Wewe utashika kuku. Atu, utabeba maji."

Maneno hayo yalimchoma Atupele. Tangu hapo kila kitu cha Mercy kilimuudhi: alivyocheka, alivyokunja shuka lake, hata alivyosalimia watu kwa Kibemba. "Hapa ni kwetu, si kwao," alijisemea.

Siku iliyofuata walikwenda eneo la Mpemba, kwa Mama Judith, ambaye kuku wake wachache walinusurika kideri kilipomaliza kuku wa majirani. Mercy alishika, shangazi akatoa damu kidogo kidogo na kuitia kwenye vichupa.

"Humu mna seli nyeupe, walinzi wa mwili," shangazi alieleza. "Nataka kujua zilivyovishinda virusi. Zikipata joto zitakufa, na kazi yote itakuwa bure."

Mercy alipanga vichupa ndani ya boksi la barafu, akafunga mfuniko. Mama Judith akawakaribisha ndani wakale viazi. Atupele alisema hana njaa, akabaki nje. Alilisogeza boksi juani, akafungua mfuniko. Alitaka Mercy agombezwe, basi. Aliposikia wanaaga, alilifunga haraka na kulirudisha kivulini.

Walipofika nyumbani, shangazi alifungua boksi. Barafu yote ilikuwa maji, tena ya vuguvugu.

"Mercy, ulifunga vizuri?"

"Nilifunga, shangazi. Kweli nilifunga."

Shangazi hakufoka. Aliketi kwenye kigoda, akavua miwani na kufuta macho. Baba ndiye aliyekasirika. "Huyu mtoto kesho arudi kwao!"

Mercy aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake huku akilia. Atupele alidhani angefurahi. Badala yake alitoka, akamfuata shangazi pale kwenye kigoda.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Nililiweka boksi juani."

"Kwa nini, Atu?"

"Ulimchagua yeye. Wewe ni shangazi yangu."

"Na Mercy je? Mimi ni nani wake?"

Baba aliinuka kwa hasira, lakini shangazi akamzuia. "Wiki ijayo, kuku wakishapata nafuu, tutarudi Mpemba. Atu ndiye atakayemweleza Mama Judith."

Wiki iliyofuata, Mama Judith alimsikiliza Atupele, mikono kiunoni. "Kwa hiyo kuku wangu wachomwe sindano tena kwa sababu ya wivu wako?"

"Ndiyo, mama. Naomba unisamehe."

Mama Judith akaonyesha banda. "Haya, kawashike mwenyewe."

Atupele alimkamata tetea wa kwanza, lakini kuku huyo akaanza kupapatika. Mercy, aliyekuwa hajamsemesha siku zote hizo, akasogea. "Usimbane. Mfunike mabawa kwanza, hivi." Tetea akatulia.

Walipokuwa wakirudi, shangazi alisema, "Wivu humpata kila mtu. Hata mimi huona wivu mtafiti mwenzangu akigundua jambo kabla yangu. Lakini nikimharibia kazi, kuku wa watu wataendelea kufa. Ukiumia moyoni, niambie. Usipojua kazi, omba ufundishwe. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalia kwa kosa lako."