Faili la Mia Mbili na Kumi na Tatu

Faili moja lilizidi. Folda ya maombi ya kazi ilisema ina mafaili mia mbili na kumi na tatu, lakini karani wa ajira, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Muhuri kwa kupenda kwake kugonga mihuri, aliyahesabu mara tatu kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta na kila mara akapata mia mbili na kumi na mbili.

Saa tisa mchana wakaguzi wangefika kuangalia kama ajira za pale zilitolewa kwa haki. Neno tamu hilo, haki, hasa kinywani mwa aliyeshiba. Hesabu isipolingana wangeifukua mashine, na wakiifukua, Bi Muhuri hana kiti.

Maana alilijua faili lenyewe. Miaka miwili nyuma alikuwa kibarua pale, kazi yake kupanga maombi ya watu, naye mwenyewe ameomba nafasi ya karani. Rafiki yake wa chuo, waliyelala naye chumba kimoja, ambaye darasa lote lilimwita Kipanga kwa kufaulu kwake, alimletea flashi yenye maombi yake ya nafasi hiyohiyo. "Niwekee humo, dada. Nakuamini." Dada akaweka. Kisha akafungua, akaziona zile alama, akafuta. Kazi akaipata yeye. Kipanga, digrii mfukoni na karai la zege kichwani, aliporomoka na jukwaa la ujenzi kutoka ghorofa ya nne, na Bi Muhuri akaenda mazikoni akalia kumshinda mama mzazi.

"Lisikutishe," alisema fundi wa kompyuta aliyeitwa kuja haraka, bwana mmoja mnene wa maneno mengi. "Limefichwa tu. Kama bosi wenu: kwenye orodha yumo, ofisini hayumo."

Akaiamuru mashine ionyeshe vyote vilivyofichwa. Yakaonekana mia mbili na kumi na mbili. Akabofya propatizi, zile taarifa za folda. Mia mbili na kumi na tatu, na ukubwa wa folda umekuwa maradufu.

"Fundi, unasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Saruji mbichi."

"Labda jirani wanajenga."

Hakuna jirani aliyekuwa akijenga. Fundi akabofya tena; ukubwa ukapanda tena, na feni ya mashine ikaanza kuhema kama mtu apandaye ngazi na mzigo, hatua, kituo, hatua, kituo. Maneno yakampungua fundi. Akainama, akanong'ona.

"Dada, faili hili lina mwenyewe. Ndiyo maana linahesabika na halifunguki. Soma hapa. Mmiliki: Kipanga. Ni nani huyu?"

"Simjui."

"Una hakika? Kama yupo, tumwombe ruhusa tu, yaishe."

"Nimesema simjui. Nipe mimi umiliki, tulifute."

"Haya. Bofya hapo, badilisha mmiliki. Itakuuliza, wewe kubali." Akakohoa, akafunika pua. "Natoka kidogo. Vumbi hili linanikaba."

Mashine ile iliwekewa lugha ya Kiswahili, na Kiswahili, wajameni, hakitaki pupa. Bi Muhuri alibofya. Kioo kikamuuliza neno moja: *Badilishana?* Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Alisoma *badilisha*, akaziruka herufi mbili za mwisho, akabofya ndiyo.

Feni ikanyamaza. Kitu kizito kikamtua kichwani, cha duara, chenye ubaridi wa majimaji, shingo ikadidimia, na alipotaka kukishusha mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa zege hadi kwenye viwiko, na alipotaka kumwita fundi koo lilijaa mchanga, na alipotazama chini miguu yake haikuwa imekanyaga sakafu wala kitu chochote, na kwenye kiti chake, mgongo wima, kope zimejaa vumbi la saruji, alikaa mtu aliyemjua hata kwa kisogo.

Fundi akarudi. Akamsalimu aliyeketi kama anayemjua miaka yote.

"Zimelingana, Bi Kipanga?"

"Zimelingana. Mia mbili na kumi na tatu, na yote yanaonekana."

"Na lile lililozidi?"

"Nimelifuta."

Fundi akacheka, akafungasha waya zake, akampita Bi Muhuri katikati kama mtu apitaye moshi. Koridoni viatu vya wakaguzi vikasikika. Kipanga alijipangusa vumbi kwenye kope, akageukia pembe ya chumba ambako hapakuonekana mtu, akatabasamu lile tabasamu la maofisini ambalo sisi wenye vyeti tunalijua kuliko nyimbo za shule.

"Usijali, dada," akasema kwa upole. "Tutakupigia."