Asubuhi Pikapu Haikupita

Kwa dada yangu, asubuhi huanza kwa kugombania baiskeli. Shemeji anaitaka aende nayo kiwanda cha mikate. Dada anaitaka aende sokoni. Mimi, niliyemaliza shule na sina pa kwenda, ndiye ninayeitaka kuliko wote. Mshindi ni shemeji kila siku, maana ndiye mwenye kazi. Gari hatuna, na hakuna aliyewahi kulia kwa hilo. Siku ya mapumziko wanapanda wote: shemeji anakanyaga, dada nyuma na mtoto kifuani, Chiriku kwenye bomba la mbele anapiga kelele, "Pisheni, breki hazishiki!"

Chiriku ni mpwa wangu. Yuko darasa la tano, na jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Hata usingizini anaongea. Mdogo wake tunamwita Mzee, kwa kuwa hatembei, hafanyi kazi, na akitaka kitu anaguna tu. Mzee alizaliwa nyayo zimegeukia ndani, zinatazamana kama watu wawili wanaosengenya. Kila Alhamisi dada anampeleka kituo cha afya. Muuguzi ananyoosha miguu kidogo, anaifunga plasta ngumu hadi mapajani, na wiki inayofuata anaibandua na kunyoosha tena. Anatoa amri tatu: usikose Alhamisi, plasta isilowe maji, na angalia vidole. Vikivimba au kubadilika rangi, mbio.

Kituo kiko mbali. Aliyetuokoa ni Fundi, seremala wa mtaa wa pili, mwenye pikapu ya kubebea mbao. Alhamisi anapeleka vitanda na makabati upande huohuo, kwa hiyo anatupitia. Dada na Mzee wanakaa mbele, Chiriku anapanda nyuma katikati ya mbao, anashushwa shuleni. Utaratibu ukawa huo, hata hatukuufikiria tena.

Basi Alhamisi hiyo mvua ilishuka tangu alfajiri. Dada alimfunika Mzee kwa nailoni, miguu ya plasta imetokeza kama mabomba mawili, akakaa kwenye stuli mlangoni. Chiriku alikuwa pembeni yake na sare ya shule. Tukasubiri. Kila gari lililonguruma tulinyoosha shingo.

"Fundi leo kalala," nikasema.

"Fundi halali," dada akajibu. "Mpigie."

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena, yuleyule mama wa kwenye simu akaniambia haipatikani. Dada akafunua nailoni amtazame mtoto, na nikaona uso wake unabadilika.

"Njoo uone hivi vidole."

Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimetuna, vimeanza kuwa rangi ya zambarau. Nikavishika. Baridi! Mzee akapiga yowe.

Nilitoka mbio hadi kwa vijana wa pikipiki. Wamejibanza chini ya paa la duka, wameinamiana kama kuku. Nikawaeleza. Mmoja akachungulia barabara yetu. Ni mteremko wa udongo, na wakati ule ulikuwa mto kabisa.

"Kaka, mtoto mwenye plasta, kwenye utelezi huu? Tukianguka itakuwaje? Samahani, siwezi."

Sikumlaumu. Nikarudi nimelowa chapachapa. Dada anazunguka chumbani na mtoto, anaimba wimbo usio na maneno. Shemeji hapatikani, kazini simu zinaachwa kwenye kabati. Hatuna jirani mwingine mwenye gari.

"Naenda karakana," nikasema. "Labda pikapu imemharibikia Fundi."

Ndipo nikagundua kwamba Chiriku alikuwa hajasema neno asubuhi nzima. Chiriku! Amebana mkoba kifuani.

"Mjomba, haijaharibika."

"Umejuaje?"

"Nilimwambia asije."

Dada akaacha kuimba. "Ulimwambia nani asije?"

"Fundi. Juzi, uliponituma takataka za randa za kuwashia jiko. Nikamwambia baba amenunua gari. Nikasema mama anashukuru, asijisumbue tena." Akaanza kulia. "Shuleni wananiita Kabati, mama. Nikishuka tu, wanapiga makofi, 'Kabati limefika! Lipokeeni, lisikwaruzwe!' Kila Alhamisi. Nilidhani tutapanda basi tu kama watu wengine. Mvua sikuifikiria, na ikinyesha basi halifiki huku."

Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine hayafai kuandikwa.  Dada alimtazama tu, halafu akarudi kutazama vile vidole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kofi.

Karakana nilimkuta mke wa Fundi anafagia maji. Aliponiona akacheka. "Wenye gari mnatembea kwa miguu kwenye mvua?"

"Mama, hatuna gari. Mtoto alidanganya. Mguu wa mdogo wake umevimba."

Ufagio ukamdondoka. "Ewe Mungu wangu! Na sisi tulivyofurahi! Mume wangu ameondoka alfajiri, kapeleka madawati mbali, huko mtandao unakuja na kupotea. Nenda kwa mtoto, mimi nitampigia mpaka kidole kiote sugu."

Nikarudi mikono mitupu. Mtu mzima mwenye nguvu zangu zote, na sikuwa na cha kufanya ila kusimama na kudondosha maji sakafuni. Mzee alikuwa ameacha kupiga yowe, sasa analia kwa sauti ndogo, ya kuchoka.  

"Namba ya muuguzi," Chiriku akasema polepole. "Iko kwenye kadi ya kliniki ya Mzee."

Dada alipiga. Niliisikia sauti ya muuguzi kutoka pale nilipokuwa.

"Vidole vina baridi? Usisubiri gari! Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, uloweke mguu mpaka plasta ilainike. Tafuta mwisho wa bandeji, uizungushe kuirudisha."

"Lakini ulisema isilowe!"

"Leo nasema ilowe. Itoe, mama, sasa hivi!"

Chiriku akashika beseni, mimi nikamshika Mzee, dada akafungua. Ilichukua muda kama msimu mzima. Plasta ikaanza kutoka vipandevipande kama ugali uliolala. Mguu ukatokea mwembamba, umekunjamana. Tukavitazama vile vidole. Polepole vikarudisha rangi. Dada akaketi kwenye maji yaliyomwagika, akalia.

Fundi alifika mchana, pikapu imepakwa matope mpaka kwenye kioo. Alitupeleka, ila chumba cha plasta kilishafungwa, nacho hufunguliwa Alhamisi tu. Siku hiyo ndiyo ingekuwa plasta ya mwisho kabla ya viatu maalumu. Mguu ukakaa wazi wiki nzima, ukaanza kurudi ulikotoka. Muuguzi akasema itabidi zifungwe plasta nyingine tena. Mzee akalipa deni lisilo lake.

Jioni ya siku ile ya mvua Chiriku mwenyewe alikwenda kwa Fundi, bila kutumwa. Nilimsindikiza. Nilitegemea Fundi atawaka. Aliendelea kupiga randa, kisha akauliza, "Sasa ungeniambia tu kwamba unaona aibu, si ningekushusha kwenye kona kabla ya shule?"

 Hilo halikuwahi kumjia Chiriku kichwani.

Alhamisi iliyofuata hata mimi nilipanda nyuma, kwenye mbao. Tulipofika kwenye kona Fundi akasimamisha pikapu, akatoa kichwa dirishani. "Mheshimiwa, kituo chako."

Chiriku akaitazama kona, kisha akachungulia kupitia kioo cha nyuma, akamwona Mzee begani kwa mama yake. "Twende mpaka getini, Fundi."

Getini wanafunzi wale wale walikuwepo. "Kabati limefika!"

"Limefika," Chiriku akajibu akiruka chini, "na droo zake zote!"

Wakacheka, yeye naye akacheka, ingawa aibu ilikuwa haijamwisha. Dada akamwita dirishani, akamnyoosha kola.

"Mwanangu, kukosa gari si kosa la mtu. Watu hutusaidia kwa shida wanayoijua. Ukiificha kwa uongo, unawafunga mikono, na atakayeumia huenda si wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, kimbia. Kengele hiyo."