Dereva Hasimami Tambarare

Maiti ilikuwa imelazwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Nyamhanga tangu alipochungulia ndani ya lile Landrova asubuhi ile ya Jumamosi.

Apolinary Burito, dereva wa chama cha ushirika cha pamba, alilala chali kwenye benchi la nyuma. Miguu yake ilikunjwa ili mlango ufungike. Koti lake lilikuwa limekunjwa na kuwekwa chini ya kichwa kama mto. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na jeraha moja, pana, lililozama.

Mbele ya gari, hendeli ya kuwashia injini ilikuwa bado imechomekwa kwenye tundu lake. Pembeni ilikuwa na damu iliyokauka.

"Kifaa butu chenyewe hiki hapa," alisema Koplo Boke.

"Kifaa nakiona. Muuaji gani anayempa marehemu mto?"

Boke alishamzoea bosi wake. Nyamhanga alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Hata kituoni Musoma alikula ugali huku amesimama, na askari walimwita Mguu wa Kuku akishawapa kisogo. Sasa alikuwa akilizunguka gari kama aliyepoteza shilingi.

Barabara ilikuwa tambarare tupu. Hatua chache nyuma ya matairi, nyayo za ng'ombe zilikatiza barabara na kuvurugana, kisha zikarudi shambani. Mbele sana, karibu na nyumba za Manyamanyama, ndipo mteremko wa kuingia Bunda ulipoanzia.

Aliyetoa taarifa ni mkulima wa palepale, jina lake Silasi. Alikuwa mrefu, mkavu, macho yamemwiva. Alitoa mkono wa kushoto kusalimia, akaomba radhi.

"Samahani, mkubwa. Wa kulia umeumia. Ng'ombe wa plau walinivuta."

Mkono ulikuwa umezongwa kitambaa cha kanga mpaka kwenye kifundo.

"Ulimkuta lini?"

"Alfajiri, nikienda shamba."

"Ulimgusa?"

"Hapana."

"Unamfahamu?"

Silasi alitazama gari. "Anapitaga hapa. Hasimamagi."

Nyamhanga alilisikia neno hilo akaliacha lipite. Mwaka ule wa themanini na nne, dereva gani alikuwa anasimama? Petroli ilitafutwa kwa tochi, na tairi jipya lilikuwa habari ya kusimulia wajukuu.

Kabla ya saa sita mshukiwa alikuwa tayari mahabusu, tena bila Nyamhanga kunyoosha kidole. Alikuwa Thadeo, fundi wa magari wa Kamunyonge. Siku mbili nyuma yeye na marehemu walikabana mashati mbele ya gereji, na mtaa mzima ulimsikia Thadeo akiapa kumpasua mwenzake kichwa. Sasa kichwa kilikuwa kimepasuka kweli.

"Uligombana na marehemu?"

"Kila mwenye gari anagombana na fundi, mkubwa."

"Ulisema utampasua kichwa."

"Nilisema. Yeye alisema ataniroga. Mbona sijarogwa?"

"Acha mzaha. Gari lake lilikuwa na tatizo gani?"

"Uliza lilikuwa na uzima gani." Thadeo alifuta jasho kwa kiganja kilichojaa grisi. "Betri inatoa cheche tu, stata haiwezi kuizungusha. Breki ya mkono ilikatikaga zamani. Kabureta imejaa takataka, maana petroli yenyewe imechanganywa na mafuta ya taa. Ukitoa mguu kwenye mafuta, injini inazima. Nilimwambia alete kabureta nyingine. Akasema mimi ndiye nimeiba ile nzima. Nikachukia."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Shahidi?"

"Mke wangu na njaa."

Hakuna aliyecheka, hata Thadeo mwenyewe.

Mkuu wa kituo hakutaka hadithi ndefu. "Jumatatu asubuhi yuko kwa hakimu. Kuua kwa kukusudia. Ushirika wananipigia simu mpaka sikio linawaka."

"Mkuu, bado sijui kwa nini marehemu alisimama pale."

"Gari bovu, Inspekta. Gari bovu husimama popote."

Nyamhanga alitoka bila kuaga. Alijua shitaka lile halina dhamana na mwisho wake ni kitanzi. Alijua pia kwamba fundi mwenye hasira na mke mwenye njaa hawana ubavu wa kukanusha kiapo kilichosikiwa na mtaa mzima. Gari bovu husimama popote, ndiyo. Lakini dereva wa gari bovu hasimami popote. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Landrova la polisi lilikuwa la ukoo uleule. Liliegeshwa nyuma ya kituo kwenye mwinuko, pua ikitazama chini, jiwe kwenye gurudumu. Boke aliondoa jiwe, gari likaserereka, Nyamhanga akaachia klachi, injini ikakohoa na kuwaka. Ndivyo walivyoishi wenye magari wakati huo: kabla ya kusimama, unatafuta mteremko kwanza.

Walikwenda Mwitongo, Butiama, nyumbani kwa marehemu. Dafroza, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa ukoo. Nyamhanga alitoa pole, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena.

"Mama, mume wako alikuwa na adui?"

"Na fundi walikuwa wanagombana, kesho yake wanacheka. Adui hapana." Alivuta kanga. "Ila kuna jambo lilikuwa linamla. Chakula alikuwa anakitazama tu."

"Jambo gani?"

"Siku moja, mwezi huuhuu, alipita ile tambarare ya Manyamanyama. Akaona watu wamebeba mama mjamzito kwenye kitanda, wanampungia. Sasa gari lile ukilisimamisha pale limekufa, na yeye yuko peke yake, nani asukume? Akaenda mpaka mteremkoni. Akaliacha na jiwe, akarudi kwa miguu, anakimbia, ili awasaidie kubeba wamlete garini. Hakukuta mtu. Barabara nyeupe."

"Walikwenda wapi?"

"Hajui. Baadaye akasikia Bunda kwamba yule mama hakufika hospitali. Alifia njiani na mtoto tumboni." Dafroza alilia sasa, bila sauti. "Hakujua jina wala nyumba. Kila akipita pale alikuwa anapunguza mwendo, anaangalia kama atamwona yule mwanamume. Ananiambia, 'Mama Susana, nikimwona nitamwambia nini?'"

Kutoka Butiama Nyamhanga hakurudi Musoma; aliendesha mpaka tambarare ya Manyamanyama. Walipofika mahali pa tukio alifanya kitu kilichomshtua Boke: alikanyaga breki katikati ya tambarare.

Injini ikanguruma kidogo, ikatetema, ikazima.

"Afande! Hapa tutatokaje?"

"Ndiyo maana nimesimama. Niambie, kitu gani kingekufanya usimame hapa kama wewe ni Apolinary?"

Boke alitazama barabara. "Kitu kilichoziba njia."

"Kama nini?"

"Ng'ombe."

Gari la ushirika lilikuwa limeshavutwa, lakini nyayo zilikuwa bado zinaonekana. Boke, mtu wa vitendo, alikwisha kuvuta hendeli chini ya kiti. Aliichomeka, akaikamata kwa kiganja kizima, akainama kuzungusha.

"Kidole gumba! Kitoe!"

Boke alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. "Nini tena, afande?"

"Nani alikufundisha kuishika hivyo?"

"Hakuna."

"Ndivyo ilivyo. Injini ikikataa inarudisha hendeli kwa nguvu. Ukiwa umeikumbatia kwa gumba, gumba linavunjika. Dereva analaza vidole vyote upande mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza. Asiye dereva..."

Hakumaliza. Alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ikatulia.

Muuaji aliyempa marehemu mto. Hendeli iliyoachwa tunduni. Mtu huyo alimpiga mwenzake, kisha akambeba, akamlaza, akajaribu kuliwasha gari ampeleke hospitali. Na hakuwa dereva.

"Anapitaga hapa," alisema Nyamhanga polepole. "Hasimamagi."

Walikwenda kwa miguu. Nyumba ya Silasi ilikuwa ng'ambo ya shamba lililolimwa nusu. Plau lilikuwa limelala ubavu. Pembeni mwa nyumba palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana, na msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi: MARIETA.

Silasi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alipowaona hakuinuka.

"Nionyeshe mkono, ndugu Silasi."

Alifungua kitambaa kwa mkono wa kushoto na meno. Gumba lilikuwa jeusi, limevimba, limeangalia upande usio wake.

"Hili si jeraha la kamba ya ng'ombe. Hii ni hendeli."

Kuku alipita kati yao.

"Nimesikia mmemfunga fundi wa Kamunyonge," alisema Silasi.

"Yuko mahabusu. Jumatatu anafikishwa kwa hakimu. Ana mke, na ni kosa la kunyongwa."

"Nilitaka kuja kusema. Nikawa nainuka, nakaa. Nainuka, nakaa."

"Kabla hujasema, nakuonya. Hulazimiki kusema chochote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mkubwa. Andikeni." Alivuta pumzi. "Marieta alishikwa na uchungu, mtoto akakaa vibaya. Tukambeba kwa kitanda mpaka barabarani. Gari la ushirika likaja. Tulipunga mikono wote. Likapita. Yule dereva alinitazama usoni, mkubwa, akaonyesha kidole mbele, akapita. Nikasema huyu ametuonyesha njia ya kaburini."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa natoka shamba na ng'ombe. Nikaona gari lile linakuja, linapunguza mwendo, dereva anachungulia huku na huku. Nikawaingiza ng'ombe barabarani. Nilitaka asimame. Palepale. Mara moja tu asimame."

"Akasimama."

"Gari likazima. Akashuka na hendeli mkononi. Akanitazama sana, akaiegemeza kwenye bampa, akasema, 'Wewe ndiye yule...' Nikajua ananikumbuka, anataka kunidhihaki. Nikamwambia hapa ndipo mke wangu alipolala na wewe ukapita. Akageuka kunyoosha mkono kule mteremkoni, anasema kitu, mimi sisikii tena. Nikaikamata hendeli."

Boke aliacha kuandika, akasubiri.

"Alipoanguka, hasira ikaniacha palepale. Alikuwa anapumua! Nikambeba, nikamlaza, nikamwekea koti. Nikasema nitasimamisha gari jingine, lakini hakuna lililopita. Nimeonaga wanavyowasha. Nikazungusha. Ikanirudishia, ikanivunja. Nikazungusha kwa kushoto. Haiwaki. Nikasukuma peke yangu, likasogea hatua chache tu. Nilisukuma mpaka akaacha kupumua." Alimtazama Inspekta. "Hapo ndipo nilipojua gari lile kweli halisimami. Kwa hiyo alishindwa tu. Hakunidharau."

Nyamhanga angeweza kuishia hapo. Kesi ilikuwa imekamilika, na sheria haikumdai zaidi. Lakini maneno ya Dafroza yalikuwa yamemkaa kooni, na aliona kuyameza ni dhambi.

"Alirudi, Silasi."

"Nani?"

"Apolinary. Alikwenda mpaka mteremkoni, akaliacha gari, akarudi mbio kwa miguu aje kuwasaidia kubeba. Alikuwa anawaonyesha atakaposimama. Hakuwakuta."

Silasi alitazama msalaba, kisha shamba, kisha kijia chembamba kilichopita kwa jirani yake.

"Tulikatisha kwa Mihayo," alisema. "Wenzangu walitaka tufuate barabara. Mimi ndiye niliyesema tukatishe."

Aliinamisha kichwa magotini, akalia kilio cha mtu mzima. Boke aligeuza uso. Nyamhanga naye machozi yalimlenga, na hakuona aibu.

Jua lilikuwa likishuka walipofika kwenye gari. Boke alishika usukani. Nyamhanga aliweka bega nyuma, na Silasi, bila kuambiwa, akaweka lake. Pingu zilibaki mfukoni, maana mtu aliyefungwa hasukumi gari.

"Likiwaka usitoe mguu kwenye mafuta!" alipaza sauti Nyamhanga. "Usitusubiri!"

Walisukuma tambarare yote ile, wakihema bega kwa bega, mpaka ardhi ikaanza kuinama kidogo. Boke akaachia klachi. Injini ikakohoa, ikashika, gari likawatoka mikononi.

Nyamhanga alikimbia, akadaka mlango wa nyuma, akajirusha ndani. Alipogeuka, Silasi alikuwa bado barabarani, mashamba yamemzunguka pande zote, hakuna wa kumzuia.

Alikuwa akilikimbiza gari, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele. Nyamhanga aliinama, akaukamata, akamvuta ndani.