Megabaiti Tisini za Keraryo

Kasmiri hakuwa na cheti. Hakuwa na kompyuta yake, hakuwa na kiwanja, hakuwa na mke, hakuwa na viatu vya akiba. Baba na mama hakuwa nao tangu darasa la pili. Alilelewa na shangazi yake Hyasinta huko Bugwema, kwa maziwa ya ng'ombe saba. Woga pia hakuwa nao. Haikuwa kwa ushujaa. Kitu ndani yake kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

ALHAMISI, SAA 4:10 ASUBUHI. BUTIAMA.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Watu watatu. Keraryo, mwenye kundi, alikaa juu ya gunia la pumba. Mseti, mwenye bastola, alisimama mlangoni akitafuna muwa. Kasmiri, fundi, alichuchumaa.

"Ng'ombe ziko sitini na mbili," Keraryo alisema. "Masikio tumeshayakata upya. Jumamosi zinapanda lori pale mnadani Bunda."

"Bila namba ya ushirika hazipandi," Mseti alisema.

"Ndiyo maana tuna profesa hapa."

Ushirika wa wafugaji ulikuwa na tovuti yake. Haikukaa kwenye mashine za watu wa mbali. Ilikaa ndani ya kompyuta moja, ofisini kwao Buhare. Mfugaji alipakia video ya kundi lake, kila sikio lionekane, akapewa namba. Kundi moja, faili moja. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni.

"Video yako ni megabaiti tisini," Kasmiri alisema. "Tovuti inapokea kumi tu."

"Ipunguze."

"Nimepunguza. Masikio yanakuwa ukungu. Wataikataa."

"Sasa?"

"Naingia ofisini. Naongeza kikomo kutoka ndani. Ile mashine niliifungaga mimi, kabla hawajanifukuza kwa kukosa cheti. Nenosiri hawajabadilisha."

Mseti alitema makapi. "Mimi nimevunjaga benki, leo navunja dirisha kuongeza megabaiti! Nikifa, msiliseme hilo msibani."

Keraryo hakucheka. "Na ile sauti yangu utaitoa."

"Nitaitoa."

Kwao Keraryo, kundi halionyeshwi kimya. Babu yake alimfundisha: ng'ombe asiyesifiwa anapoonyeshwa hatazaa. Kwa hiyo, wakati Mseti akirekodi kwa simu, Keraryo alipita katikati ya kundi akijigamba. Mseti alimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

ALHAMISI, SAA 9:40 ALASIRI. MUSOMA.

Chumbani kwake, Kasmiri alivaa spika za masikioni ili akate sauti. Dakika ya nne, Keraryo alimpiga kofi la mgongo ng'ombe mwekundu.

"Wewe mwekundu! Mimi Keraryo nilikutoa Bugwema kwa Hyasinta na wenzako sita! Mbwa wakanyamaza! Mwenyewe akakoroma!"

Kasmiri alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Keraryo na Mseti walikuwa wamemwambia ni ng'ombe za mbali.

Alisubiri hasira. Haikuja. Akafikiri tu, polepole. Akikataa kazi, Keraryo angewapitisha wanyama porini kwa njia nyingine, na shangazi asingewaona tena. Ushahidi ulikuwa huu, kwa mdomo wa mwizi mwenyewe, na haukupita kwenye megabaiti kumi.

Hakuikata sauti.

IJUMAA, SAA 7:08 MCHANA. BUHARE.

Lucy, karani, alifunga ofisi akaenda kula. Angerudi saa nane. Mbele, Mseti alikuwa akicheza drafti na mlinzi, akishindwa kwa makusudi na kulalamika kwa sauti. Nyuma, Kasmiri alikunja nondo mbili za dirisha na kuingia.

Seva ilikuwa chini ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliandika nenosiri. Ikafunguka.

SAA 7:19. Alifungua faili la mipangilio. Ukubwa wa faili moja: 10. Akaandika 100. Akaiwasha huduma upya. Akapakia.

*Faili ni kubwa mno.*

SAA 7:30. Alikumbuka. Faili halisafiri uchi. Linasafiri ndani ya mzigo pamoja na jina na maelezo, na mzigo una kikomo chake. Kilikuwa 12. Akaweka 120. Akapakia.

*Faili ni kubwa mno.*

Nje Mseti alipiga chafya mara mbili. Ishara: harakisha.

SAA 7:41. Mlango wa tatu. Programu ilikuwa imekubali, lakini bawabu aliyesimama mbele yake, ile seva inayopokea wageni wote, alikuwa na amri yake ya zamani. Kasmiri alilitafuta faili lake na kuuona mstari. Akaweka 120. Akawasha upya. Akapakia.

Asilimia ishirini. Hamsini. Tisini.

Ukurasa ukatoa namba, ukauliza: *Maelezo ya mwenye mali?*

Aliandika: *Karani, fungulia sauti. Dakika ya nne. Hawa ni wa wizi, kesho watakuwa Bunda.*

SAA 7:53. Alitoka dirishani. Chafya ya tatu, ile ya hatari, haikupigwa.

"Imepita?" Mseti aliuliza njiani.

"Imepita yote."

JUMAMOSI, SAA 3:25 ASUBUHI. BUNDA.

Lori lilirudi kinyumenyume hadi kwenye zizi. Keraryo alitaja namba. Lucy alikuwa pale na daftari lake, jambo ambalo hakulifanyaga. Hakuandika kitu. Akatoa simu, akaifungulia.

"Mimi Keraryo nilikutoa Bugwema kwa Hyasinta…"

Zizi zima lilisikia. Wachuuzi wawili wakavua makoti, walikuwa askari.

Keraryo alimgeukia Kasmiri. "Sauti?"

"Niliiacha."

"Kwa nini, kijana wangu?"

"Yule ni shangazi yangu."

Keraryo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei na kuiona ya haki. Mseti hakuuliza. Alichomoa bastola akamlenga Kasmiri, askari mmoja akamvamia mkono, risasi ikaenda chini. Ng'ombe mwekundu alipiga magoti, kisha akalala. Wengine wakavunja zizi.

Katikati ya vumbi hakuna aliyemshika Kasmiri. Alitembea, hakukimbia.

SAA 5:00.

Katika kibanda cha chai aliomba karatasi na bahasha.

*Shangazi,*

*Ng'ombe sita wanarudi. Mwekundu hapana, usimngoje. Walioiba wamekamatwa. Aliyewafungulia njia Buhare ni mimi, na niliikubali kazi hiyo kabla sijajua ng'ombe ni wa kwako. Wangekuwa wa mtu mwingine, ningeikata ile sauti. Hilo nataka ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Naenda kituo cha polisi hapa Bunda. Usije na chakula.*

*Kasmiri.*

Ulimi ulikuwa mkavu. Alichovya kidole kwenye chai, akalowesha gundi, akaifunga bahasha na kuikandamiza kwa kiganja. Nje, Evance wa bodaboda alikuwa akijaza mafuta kuelekea Bugwema.

"Ya nani hii, kaka?"

"Mpe Mama Hyasinta mkononi."

"Kuna majibu?"

"Hakuna," Kasmiri alisema, akamkabidhi.