Pumzi Kabla ya Kiitikio

Wimbo ulikuwa na pumzi moja ya ziada.

Kinanda, kama walivyomwita mpiga kinanda wao, ndiye aliyeigundua. Alirudisha wimbo nyuma kwenye kompyuta yake, akasikiliza tena. Ilikuwa saa saba mchana, na magodoro waliyofunikia kuta za chumba cha mazoezi, nyuma ya kanisa, yalikuwa yameshika joto.

"Nani kahema hapa, kabla ya kiitikio?"

"Si wewe na kitambi chako!" alisema mpiga ngoma.

Walicheka. Mwimbaji hakucheka. Aliinama kana kwamba anamfuta mate mtoto wake wa miezi minane.

Bendi yao ya roki ya Kikristo ilikuwa changa, lakini jina lilishaanza kupaa. Walichanganya sauti za kompyuta na sauti za asili: mvua juu ya bati, ufagio uani, makofi. Redio ilikuwa imeahidi kuupiga wimbo wao mpya, "Nimefunguliwa", na kila aliyeusikia aliusifia ule mngurumo uliolala chini ya ngoma.

"Ni upepo ndani ya pipa," mwimbaji aliwaambia siku alipouleta kwenye simu yake.

Haukuwa upepo. Alikuwa dada yake.

Mwezi mmoja nyuma, dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliombewa atokwe na jini aliyemtesa tangu afiwe na mume. Mwimbaji alipewa kazi ya kumshika miguu. Alimshika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kifuani, ndani ya gauni, ukirekodi kwa simu.

Sasa ikaja harufu: mafuta ya cherehani na uzi ulioungua.

"Kuna waya unaungua," alisema mpiga ngoma. Walichomoa nyaya zote, wakazinusa moja moja. Hakuna uliokuwa na joto. Wakazichomeka tena.

"Hodi, wanamuziki!" Dada mtu aliingia na furushi. "Sare zenu hizi. Ambaye haitamwenea asinilaumu mimi, ailaumu sahani yake."

"Karibu, dada! Kaa, uwe wa kwanza kuusikia," alisema Kinanda.

"Bado haujakamilika," mwimbaji alisema haraka, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza.

Mngurumo ulipofika, dada mtu aliliachia furushi, mashati yakamwagika miguuni pake, kinywa chake kikafunguka polepole, na Kinanda alipoona macho yale yamegeuka weupe mtupu akaruka akachomoa waya, taa za spika zikazima, lakini mngurumo haukukoma, ulikuwa sasa unatoka katika kinywa kile, mzito, wa taratibu, umepunguzwa kasi vilevile kama kompyuta ilivyoupunguza, na mtoto akaacha kunyonya kidole, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Waliomba mpaka koo zikakauka. Haikusaidia. Mwimbaji ndipo akasema, kwa sauti ndogo, akitazama sakafu: "Ifute. Ile si sauti ya upepo."

Kinanda alifuta. Mngurumo ukakatika. Dada mtu akaanguka juu ya mashati.

Alipopata nguvu, alinong'ona: "Nilikupa miguu yangu uishike, mdogo wangu."

"Nisamehe, dada."

"Watu walimtoa. Wewe ukampa chumba."

Mwimbaji alitamani sakafu ipasuke.

"Na kwenye simu yako?" aliuliza Kinanda.

"Nimeshafuta."

Hakuwa amefuta. Bila mngurumo ule, redio ingewataka kwa lipi? Alijiambia angefuta akifika nyumbani. Nyumbani akajiambia kesho. Na mtoto alipolia, alimpa simu ileile achezee.

Jumapili waliimba bila kompyuta, wamevaa sare mpya. Dada mtu aliketi benchi la tatu, amekonda, anatabasamu kidogo. Kabla ya kiitikio waliacha kimya cha mapigo manne, pale ulipokuwa mngurumo.

Ndani ya kimya kile, mgongoni alikombeba mtoto, pumzi ya moto ilimgusa mwimbaji shingoni, kisha harufu ya uzi ulioungua, kisha sauti nzito, ya taratibu, isiyoweza kutoka katika kifua kidogo namna ile, na dada yake alikuwa ameshainuka, anasukuma watu, anakuja mbio na mikono mbele ili amfungue mtoto, na mwimbaji, kwa kuwa kanisa zima lilikuwa linamtazama, akafumba macho, akaimba:

"Nimefunguliwa."