Ukuta Uliotoka Damu

Hapa Kannur, kusini mwa India, mvua za mwezi wa Karkidakam zikianza, hutoki nje bila sababu. Mimi na mama tulikuwa tunakunywa uji wa mchele, ukuta wa chumba kipya ukaanza kutoka damu. Ilichuruzika polepole hadi sakafuni.

Niliruka nyuma. Mama yangu, Cheeru, hakushtuka. Alivuta mkeka wake akalala chini ya ukuta ule, akauwekea kiganja.

"Ni baba yako," akasema. "Ananililia. Nimwache peke yake?"

Baba alikuwa mchonga mawe. Alifia machimboni mwaka uliotangulia, na kaka yangu Sukumaran akajenga chumba hicho kwa mawe yaliyobaki nyuma ya nyumba. Siku tatu mama hakutoka humo. Ukuta ulianza kuvimba. Mvua ikitulia, nilisikia kitu ndani yake kikimeguka taratibu. Niliogopa kuingia. Niliogopa zaidi kwamba ukianguka, utamwangukia yeye.

Nikamwita jirani yetu Kelan, aliyechonga mawe na baba miaka thelathini. Aligonga ukuta, ukatoa sauti ya gunia la mchanga. Akagonga ukuta wa nyumba ya zamani, huo ukalia kama chuma.

Akanipa kipande cha jiwe zuri. Kilikuwa kizito, chekundu sana, chenye vitundu vitundu. Alikikwaruza mgongoni mwa kigae, kikaacha mstari wa rangi ya kutu. Akanieleza kuwa ni kutu kweli. Mvua za miaka na miaka zimeuosha mwamba, chuma kikabaki, nacho ndicho kinachoshika jiwe. Hata hilo, likishachongwa, huachwa juani likaze.

Kisha akanionyesha jiwe la ukuta wetu. Lilikuwa na mabaka meupe kila mahali. Ukucha wangu ulizama.

"Huu udongo tu," akasema. "Maji yanauyeyusha, unachuruzika na kutu. Hiyo ndiyo damu yenu."

Mama alisikia, ila hakuinuka. Kelan akachuchumaa karibu naye.

"Shemeji, mawe haya mumeo aliyatupa. Aliniambia hata banda la mbuzi nisijenge nayo. Angekuwa hai, asingekulaza hapa."

Mama akakunja mkeka, akatoka. Kesho yake asubuhi ukuta ukaanguka, wote, kwa ndani.

Kiangazi tulijenga upya. Mama mwenyewe aligonga kila jiwe, akalikwaruza, akalitia ukucha. Arobaini aliyakataa. Mvua zilizofuata, ukuta ulikaa mkavu. Akaupapasa juu hadi chini, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamlilia baba.